Sitiari ya Aral na Ziwa Turkana: Uhakiki wa Maandishi ya Utafiti Yanayoishia Todonyang

Neno kipaumbele, ambalo halikosekani katika waraka wowote wa hifadhi ya mazingira, limejengwa juu ya kitenzi -pa. Kitenzi hiki hakitosheki na yambwa moja. Lazima awepo anayetoa, awepo anayepewa, na kiwepo kinachotolewa. Kwa hiyo, anayesema kwamba jambo fulani ni kipaumbele cha utafiti anakiri, apende asipende, kwamba kuna mtu aliyelipa jambo hilo umbele, na kwamba kuna jambo jingine lililonyimwa. Hata hivyo, katika maandishi ya kitaalamu mtoaji huyo haonekani. Vipaumbele hubainishwa, hupangwa na huafikiwa. Kauli ya kutendwa humfunika mtenda kama shuka inavyomfunika alalaye. Mwaka 2009, kwa mfano, William Sutherland wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake wengi walichapisha maswali 100 waliyoyaona kuwa muhimu kuliko yote kwa hifadhi ya bayoanuwai duniani. Orodha ya namna hiyo ina manufaa yake, lakini kwa mhakiki wa fasihi ina sifa moja inayoshtua: ni utanzu usio na msimulizi wala mahali. Swali linaelea juu ya dunia nzima, na hakuna ziwa lolote linaloweza kujitambua ndani yake.

Makala haya yanayasoma maandishi ya utafiti kuhusu Ziwa Turkana kwa jicho lile lile linalotumika kusomea riwaya au utenzi. Yanauliza ni nani anayesimulia, kisa kinaanzia wapi, ni sitiari ipi inayokibeba, na ni mhusika yupi anayetajwa bila kupewa kauli. Hoja inayojengwa ni kwamba sitiari moja, ile ya Aral, imeyapanga maswali kuhusu ziwa hili kwa zaidi ya mwongo mmoja. Sitiari hiyo ililitoa ziwa katika usahaulifu. Lakini ilikipa umbele kina cha maji, na ikakinyima umbele kilichomo ndani ya maji hayo.

Yupo atakayepinga kwamba ripoti ya haidrolojia si fasihi. Ni kweli, si fasihi. Lakini uhakiki wa Kiswahili haujawahi kujifungia katika kazi za kubuni tu. Tarikhi za Kilwa na Pate zimesomwa kama kumbukumbu na kama masimulizi kwa wakati mmoja, na hakuna aliyedai kwamba kuzisoma kwa namna ya pili kumezipunguzia thamani ya kwanza. Ripoti ya utafiti nayo ina mwanzo, ina kati, ina mhusika mkuu na ina hadhira iliyokusudiwa. Zaidi ya hayo, ina matokeo ambayo riwaya haina: fedha hufuata maswali yake.

Ziwa kama ghala

Todonyang ni makazi madogo katika ncha ya kaskazini-magharibi ya ziwa, ubavuni mwa mpaka wa Kenya na Ethiopia, karibu na mahali Mto Omo unapojimwaga. Anayetoka Lodwar hulifuata ziwa kuelekea kaskazini mpaka nchi inapoisha. Omo huleta takriban asilimia 90 ya maji yote yanayoingia ziwani. Mito ya Turkwel na Kerio huleta kidogo, tena kwa msimu. Ziwa lenyewe halina mlango wa kutokea: maji huondoka kwa kuvukizwa na jua tu, zaidi ya mita mbili kila mwaka, na yakiondoka huacha nyuma chumvi na kila kitu kingine yalichokibeba. Kwa sababu hiyo maji ya kaskazini, karibu na Todonyang, ni matamu kuliko ya kusini, na wakati wa mafuriko hugeuka rangi ya udongo wa nyanda za juu za Ethiopia. Mtu akitaka kujua Omo umebeba nini, hapa ndipo pa kuchotea.

Maandishi ya awali hayakuanzia hapa. Msafara wa Cambridge wa 1930–31 ulioongozwa na E. B. Worthington ulilichunguza ziwa hili, wakati huo likiitwa Rudolf, pamoja na maziwa mengine ya Afrika Mashariki, na mwaka 1933 Worthington na mkewe Stella wakachapisha kitabu chao kuhusu maji ya bara la Afrika. Mwaka 1934 Vivian Fuchs aliongoza msafara mwingine ambamo wenzake wawili walipotea katika Kisiwa cha Kusini, wasionekane tena. Mradi mkubwa wa 1972 hadi 1975, ambao ripoti yake ilihaririwa na A. J. Hopson na kutolewa mwaka 1982, ndio uliojenga msingi wa ujuzi wa samaki wa ziwa hili, na hadi leo hakuna mtafiti anayeweza kuuruka. Heshima ya kazi hizi haina shaka. Lakini kisa chao ni kimoja: ziwa ni ghala, na swali ni kiasi gani kimo ndani na kiasi gani kinaweza kutolewa. Mto ni mlango wa nyuma wa ghala hilo, unatajwa na kupitwa.

Swali la ghala lilizaa jibu la ghala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, kilijengwa kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol, karibu na Ghuba ya Ferguson. Kiwanda hicho hakikudumu katika kazi iliyokusudiwa, na ghuba yenyewe ilikauka katika mwongo ule ule maji yaliposhuka. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha misaada ya kigeni, pengine mara nyingi mno. Kilichosahaulika ni kwamba kosa lilianzia katika sarufi ya swali. Aliyeuliza "samaki wangapi?" alilichukulia ziwa kuwa nomino, ilhali ziwa hili linatenda kama kitenzi: hupanda, hushuka, na samaki wake huzaliana kwa kufuata mwendo huo.

Hata fasihi ya kubuni haikulitendea haki. John le Carré, katika riwaya yake ya 2001 kuhusu majaribio ya dawa nchini Kenya, alimfanya mhusika wake Tessa auawe kando ya ziwa hili, na filamu ya 2005 ikalieneza jina lake duniani. Huko nako ziwa ni mandhari tu, yaani mahali pa mbali panapofaa kwa maiti.

Sitiari iliyovushwa nusu

Ujenzi wa bwawa la Gibe III kwenye Mto Omo ulianza mwaka 2006. Bwawa hilo lina kimo cha mita 243, uwezo wa kuzalisha megawati 1,870, na hifadhi ya maji ya kilomita za ujazo zinazokaribia 15. Tathmini ya athari zake kwa mazingira iliidhinishwa mwaka 2008, ujenzi ukiwa tayari unaendelea, na ilikosolewa vikali kwa kulipa ziwa lililoko upande wa pili wa mpaka nafasi ndogo mno. Kiusimulizi, ni kisa kilichoanza katikati na kumalizika kabla ya mwisho wake. Sean Avery, mhandisi wa maji, aliandika ripoti kwa ajili ya Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2010, kisha nyingine pana zaidi kwa Kituo cha Masomo ya Afrika cha Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2012. Mwaka 2013 shirika la International Rivers lilitoa chapisho lililouliza, katika kichwa chake, kama Aral ya Afrika Mashariki ilikuwa inatengenezwa.

Aral ilikuwa sitiari ya kuaminika. Ziwa hilo la Asia ya Kati lilianza kukauka katika miaka ya 1960 baada ya maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limegawanyika. Ulinganisho uliingia mahali pake: mto mkubwa, kilimo cha umwagiliaji, ziwa lisilo na njia ya kutokea. Badala ya pamba, mradi wa sukari wa Kuraz, uliozinduliwa mwaka 2011 katika bonde la chini la Omo, ulilenga miwa kwa mipango iliyofikia na kuzidi hekta 100,000. Sitiari hii ilifanya kazi ambayo majedwali yasingeweza kuifanya. Ikal Angelei, mwanzilishi wa shirika la Friends of Lake Turkana, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2012. Mwaka 2014 Mahakama ya Mazingira na Ardhi jijini Nairobi iliamua kwamba serikali ya Kenya itoe hadharani taarifa za mipango yake ya kununua umeme kutoka Ethiopia. Mwezi Juni 2018 Hifadhi za Taifa za Ziwa Turkana, ambazo zimekuwa Urithi wa Dunia tangu 1997, ziliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mhakiki anayeidharau nguvu ya sitiari aisome historia hii tena.

Lakini sitiari huchagua. Husafirisha sifa fulani kutoka kwa kinachofananishwa nacho na kuziacha nyingine njiani, na mara nyingi zinazoachwa ndizo nzito. Aral iliyovushwa hadi Turkana ni Aral ya picha moja mashuhuri, ile ya meli zilizokwama mchangani. Picha hiyo inasema jambo moja tu: maji yamepungua. Aral yenyewe ilikuwa na nusu ya pili. Watu wa kando yake hawakudhurika kwa kuyakosa maji pekee. Walidhurika kwa chumvi na kwa mabaki ya viuatilifu vya mashamba ya pamba, yaliyokusanyika chini ya ziwa kisha yakapeperushwa na upepo hadi katika mapafu yao. Nusu hiyo ya sumu haikuvuka. Sitiari iliyoazimwa ili kuonya dhidi ya kilimo kikubwa ikaacha nyuma kile hasa ambacho kilimo kikubwa humwaga mtoni.

Athari ya uteuzi huu inaonekana katika aina ya ujuzi uliokusanywa. Kina cha Ziwa Turkana kimekuwa kikipimwa kutoka angani kwa setilaiti tangu miaka ya 1990. Yeyote mwenye kompyuta, awe Nairobi au Oslo, anaweza kuuona mstari ukipanda na kushuka. Swali linalojibika kwa mbali hupata umbele kwa sababu linajibika kwa mbali. Mbolea na viuatilifu havionekani kutoka angani. Vinadai chupa, boti, maabara, na mtu anayerudi mahali pale pale mwezi baada ya mwezi, tena katika eneo ambalo bima za mashirika mengi hazipendi kulisikia. Hapa mtoaji wa umbele anaanza kuonekana. Si mtu mmoja mwenye nia mbaya. Ni urahisi wa chombo ulioungana na nguvu ya picha.

Kisha kisa kikakataa kufuata msuko wake. Bwawa lilipoanza kujazwa mwaka 2015, ziwa lilishuka kwa takriban mita moja na nusu katika miaka iliyofuata, kama ilivyotabiriwa. Lakini kuanzia mwishoni mwa 2019 mvua kubwa ziliikumba Afrika Mashariki, maziwa ya Bonde la Ufa yakafurika moja baada ya jingine, na Turkana likapanda, likameza makazi na mialo katika ufuo wake. Mwaka 2021 serikali ya Kenya, pamoja na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilitoa ripoti juu ya kupanda kwa maziwa hayo. Msomaji aliyezoezwa kusubiri meli mchangani sasa alionyeshwa mitende iliyosimama majini. Wapo waliohitimisha kwamba hatari ilitiwa chumvi. Hitimisho hilo ni la haraka, lakini si la kijinga. Ni zao la sitiari yenyewe. Aliyefundishwa kwamba ugonjwa ni kupungua kwa maji ana haki ya kudhani kwamba kuongezeka kwake ni uponaji.

Jambo la kusikitisha ni kwamba swali bora lilikuwepo zamani. Katika miaka ya 1990 Jeppe Kolding aliandika kwamba uzalishaji wa samaki wa ziwa hili hufuata mabadiliko ya maji, yaani mapigo ya kupanda na kushuka, kuliko kina chenyewe. Natasha Gownaris na wenzake walilirudia jambo hilo kwa data mpya mwaka 2017. Mafuriko ya Omo huleta rutuba, hufunika nyasi za kingoni na kuwapa samaki mahali pa kutagia. Bwawa linalosawazisha mtiririko linaweza kuliacha ziwa likiwa limejaa na bado likalinyang'anya pigo lake. Swali la pigo halikupata picha ya kulibeba, na swali lisilo na picha hubaki katika majarida ya wataalamu.

Sitiari ya Aral ina upungufu mwingine, wa uhusika. Inahitaji mkosaji mmoja aliye juu ya mto na mwathiriwa mmoja aliye chini. Kenya, kwa ujumla wake, haikai vizuri katika nafasi ya mwathiriwa. Yenyewe iliukinga Mto Turkwel, uupitao mji wa Lodwar, kwa bwawa lililokamilika mwaka 1991, na tangu Novemba 2022 hununua umeme wa Ethiopia kupitia njia kuu inayoshuka hadi Suswa. Hukumu ya 2014 ndiyo maandishi pekee kati ya haya yaliyoiweka serikali ya Kenya ndani ya kisa kama mtendaji anayeulizwa. Inafaa kusomwa na wanafunzi wa usimulizi, si wa sheria peke yao.

Todonyang katika rafu mbili

Atakayelitafuta jina la Todonyang katika maktaba atalikuta hasa katika rafu ya usalama. Mwezi Mei 2011 Waturkana wasiopungua 20 waliuawa hapo na wanamgambo wa Wadaasanach, ambao Waturkana huwaita Wamerille. Tukio hilo limeandikwa kama habari ya mpaka, ya silaha na ya kisasi. Katika rafu ya mazingira delta ya Omo huelezwa kama makazi ya ndege, mamba na samaki. Rafu hizi mbili hazisalimiani. Lakini delta hiyo hutambaa kila ziwa linaposhuka na hurudi nyuma kila linapopanda. Malisho, mashamba ya kingo na maji ya kuvulia huhama pamoja nayo, huku mstari wa mpaka kwenye ramani ukibaki pale pale. Watu wawili wanaogombea samaki mahali pamoja wanaweza kuwa, kila mmoja kwa kumbukumbu yake, wapo kwao. Kulitenga swali la damu na swali la matope ni uamuzi wa kitanzu, na uamuzi huo una gharama. Mtafiti wa bayoanuwai huona mgogoro kama kizuizi cha kazi yake, mtafiti wa mgogoro huona ziwa kama mandhari.

Kakuma, upande wa magharibi, inatoa mfano wa jinsi rafu zinavyoweza kuungana pakiwa na hadhira. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa huko mwaka 1992, kuni, maji na mimea vamizi kama mathenge vimejadiliwa pamoja na ugomvi wa wenyeji na wageni, kwa sababu kuna ofisi zinazohitaji maelezo hayo. Todonyang haina ofisi ya namna hiyo.

Ina kumbukumbu ya aina nyingine. Waturkana huipa miaka majina kwa tukio lililotawala. Ukame wa 1979 hadi 1981 unajulikana kama Lopiar, jina linalohusishwa na kufagia, kwa kuwa mifugo ilifagiwa. Kalenda kama hiyo ni orodha ya vipaumbele katika maana kamili ya neno. Mtoaji wa umbele anajulikana, ni jamii iliyoishi mwaka huo, na kinachopewa umbele ni kile kilichobadilisha maisha. Haidai kuwa sahihi kwa kila jambo. Mwaka wa samaki wengi waweza kupita bila jina ilhali mwaka wa mbuzi waliokufa ukakumbukwa kwa vizazi. Lakini inaanzia penye tukio, na inamruhusu msikilizaji kuuliza: nani alikuwepo?

Riwaya ya Kiswahili imekwisha kuonyesha umbo jingine linalowezekana. Katika Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002), msafiri anaondoka kijijini na kuzunguka mabara akitafuta chanzo cha masaibu ya watu wake. Mwendo wa kisa ni kutoka kwenye jeraha kwenda kwenye mkono uliojeruhi. Ripoti za ziwa hushika mwelekeo ulio kinyume: huanzia bwawani, kwenye megawati, hushuka pamoja na maji, na zinapowasili Todonyang kurasa zimekwisha. Kama zingeandikwa kwa kupanda, zingeanzia kwenye chupa ya maji ya rangi ya udongo iliyochotwa Todonyang mwezi Septemba, Omo ukiwa umefura. Zingeuliza kuna nini ndani yake ambacho hakikuwemo kabla ya miwa, kisha zingeufuata mto kuelekea juu mpaka kwenye shamba, kiwanda na mkataba wa umeme. Samaki, sumu, mpaka na kisasi vingeingia katika sura moja, kwa kuwa katika chupa ile vimo pamoja.

Kazi hiyo haihitaji msafara kutoka Cambridge. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo katika ufuo wa magharibi wa ziwa, na Lodwar sasa ina chuo kikuu kishiriki chake. Inahitaji kwanza mtu wa kuandika swali lenye mtenda, mahali na mwezi, na kulitia saini.